Kidole cha Meneja

Kampuni ile ya kushona sare ilikaribia kuzama kwa sababu ya upendo. Hakuna aliyeihujumu, hakuna aliyelala kazini, na wezi, kama walikuwepo, hawakuwa na cha kuiba zaidi ya vifungo. Ulikuwa upendo tu. Watu watatu walimpenda mwenzao siku moja, kila mtu kivyake, kimyakimya, na matokeo yake kikosi kizima cha walinzi kikabaki na suruali miguuni mchana kweupe.

Lakini huwezi kuuelewa upendo wa watu wale bila kwanza kumjua Meneja.

Meneja alikuwa amemwoa binti wa mwenye kampuni. Kabla ya harusi aliuza vipuri vya magari, na inasemekana aliviuza vizuri. Baada ya harusi akakabidhiwa karakana ya ushonaji: ghorofa moja juu ya duka la rangi, cherehani safu mbili, meza ndefu ya kukatia, kona ya pasi iliyofuka mvuke kutwa, na katikati chumba cha vioo ambamo Meneja aliketi akiwatazama wafanyakazi, na wafanyakazi wakimtazama yeye, kama samaki na mwenye samaki, ila haikujulikana nani ni nani.

Aliingia na imani moja kutoka dukani kwake: kifaa ama kinaingia, ama hakiingii. Kwa hiyo akapiga marufuku mtu mwingine yeyote kuchora violezo. Zile karatasi ngumu ambazo mkataji huzitandaza juu ya kitambaa ili azifuate kwa chaki, sasa angezichora Meneja mwenyewe na kuzigonga muhuri. Na kupima, alijua kupima. Tatizo ni kwamba alichora kilekile alichopima. Kiuno cha mtu kikiwa kimezunguka kiasi fulani, karatasi nayo ilikuwa kiasi hichohicho, bila nafasi ya mshono, bila nafasi ya mwenye kiuno kupumua. Kitambaa kikishonwa hupungua. Jambo hilo Meneja hakulijua, na hakuwa na hamu ya kulijua.

Mkataji wa karakana alikuwa mzee aliyeitwa Mkasi, hata na mkewe. Siku za mwanzo kabisa aliingia kwenye chumba cha vioo na karatasi mkononi, akasema kwa upole, "Mwanangu, hapa tuongeze kidogo. Uzi nao unataka pa kukaa."

Alitoka na onyo la ukaidi na mhadhara juu ya umakini.

Basi akarudi mezani, akatandaza karatasi ya Meneja juu ya kitambaa, akapitisha chaki nje yake kwa upana wa kidole kidogo. Nguo zikatoka, zikavaliwa, zikapendeza. Meneja akatundika chumbani picha yake mwenyewe chini ya maandishi MFANYAKAZI BORA, na kidole kile kikawa utaratibu. Mgeni akiajiriwa alionyeshwa choo kilipo, alionyeshwa pa kutundikia mkoba, na alionyeshwa kidole.

Aliyekuwa akiwaonyesha wageni hayo yote ni mkuu wa benchi la ushonaji, dada mmoja mwenye diploma ya mavazi, ambaye walimwita Sindano. Wengine walisema ni kwa ajili ya wembamba wake. Waliowahi kuchomwa walisema ni ulimi.

Sindano alikuwa amefanya kazi kwingine kabla ya hapo, mahali penye meneja mzuri na wenzake wenye roho ya korosho. Hapa ilikuwa kinyume. Hapa ukikohoa, unageuka unakuta vikombe vitatu vya chai ya tangawizi. Mama yake alipolazwa hospitalini, Injini, yule kijana mnene wa suruali ambaye cherehani yake ilinguruma kuliko zote, alishona fungu lake na la Sindano pia, na jioni Bi Pasi, mama mtu mzima wa kona ya pasi, akapanda ngazi za wodini na mashuka yaliyonyooshwa mpaka muuguzi akauliza kama mgonjwa ni mke wa waziri. Watu wa namna hiyo ndio wanaokufanya ubaki mahali ambapo ungepaswa kutoka mbio. Hakuna aliyeondoka kwa hiari yake. Kwa kuwa hakuna aliyeondoka, hakuna kilichoharibika. Na kwa kuwa hakuna kilichoharibika, Meneja aliamini kwamba anaongoza.

Kisha macho ya Mkasi yakaanza kumtoroka. Mtoto wa jicho, walisema kliniki, ni jambo la kawaida, lingetibika. La kutotibika lilikuwa Meneja. Mwaka uliotangulia mshonaji mmoja alilalamika mgongo, na kabla ya wiki kwisha akaambiwa akapumzike nyumbani, milele. "Kipuri kikichakaa hakibembelezwi," Meneja alieleza kwenye mkutano, akitabasamu, "na sisi hapa ni familia."

Kwa hiyo familia ikanyamaza. Injini alimtungia Mkasi uzi. Bi Pasi alimsomea vipimo kwa sauti ya chini, akijifanya anaimba. Na siku ya Mkasi kupasuliwa jicho ilipoangukia siku ya kukata oda kubwa ya walinzi, walitundika koti la mzee kwenye kiti chake, wakaweka miwani yake mezani, na mbele ya miwani kikombe cha chai. Chai ikipoa, mtu anapita anabadilisha. Meneja akitupa jicho kupitia kioo aliona koti, miwani na moshi wa chai, akaridhika kwamba Mkasi yupo, ametoka kidogo. Alitoka kidogo kutwa nzima.

Kazi ya kukata ilimwangukia Sindano. Alishika mkasi mkubwa kwa heshima, akatandaza karatasi, akapitisha chaki nje yake kwa upana wa kidole, kama alivyofundisha wengine. Asichokijua ni kwamba Bi Pasi, kwa kumwonea huruma, alikuwa ameshawahi mapema. "Huyu mtoto si mkataji," alijisemea, "atasahau kidole." Akabandika ukanda wa karatasi kuzunguka kila kiolezo, upana wa kidole, akaupitishia pasi hadi kiungo hakionekani. Na asichokijua Bi Pasi ni kwamba Injini naye alikuwa na huruma zake. Alipoletewa vipande alijisemea, "Dada wa watu hajawahi kukata, lazima amesahau," akashona ukingoni kabisa, akila kitambaa kwa unyoya tu, ili kuokoa nafasi.

Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Kwanza, hawakutaka kuaibishana. Pili, juu ya kila safu ya cherehani kulikuwa na bango la Meneja: KIMYA NI TIJA. Bi Pasi alipokunja suruali zile aliziona pana, lakini akawaza kwamba walinzi ni watu wa miraba minne.

Walinzi hawakuwa wa miraba minne. Walikuwa vijana wa kawaida, wenye njaa za kawaida, na mikanda yao ilikuwa bado haijafika. Walipangwa uani kupokea sare, Meneja kando yao na mpiga picha. Mkuu wao, mtu mfupi mwenye sauti ya lori, akapaza amri ya saluti. Mikono ikapanda. Suruali zikashuka. Zilishuka zote pamoja, kwa nidhamu ya hali ya juu, na mpiga picha, ambaye alikuwa amelipwa apige picha, akapiga.

"Hizi ni sare," mkuu wa walinzi aliuliza taratibu, "au mahema?"

Asubuhi iliyofuata cherehani zilizimwa. Meneja alisimama juu ya kiti ili aonekane, ingawa alionekana vizuri tu alipokuwa chini. Mkasi alikuwa amerudi, bandeji jichoni. Aliwaambia walioulizia kwamba ameumwa na mdudu.

"Nataka jina moja," Meneja alisema. "Nani amekata?"

"Mimi," akasema Sindano.

"Mimi niliongeza karatasi," akasema Bi Pasi. "Ni mimi."

"Jamani, mimi ndiye niliyeshona ukingoni," akasema Injini. "Mniache na kosa langu."

Wakageukiana. Hapo ndipo kila mmoja alipoelewa alichofanya mwenzake. Bi Pasi akashika mdomo. Injini alianza kucheka, akakumbuka alipo, akageuza kicheko kikohozi, na mara hiyo mtu akamsogezea chai.

"Mnanichezea," Meneja alisema. "Meza ya kukatia ni ya mmoja tu. Mkasi, jicho hilo halijaumwa na mdudu. Nimewapigia kliniki. Unakata vitambaa vyangu kwa kupapasa! Ijumaa uje uchukue koti lako."

Mkasi aliupapasa ukingo wa meza kwa viganja viwili, kama mtu anayemtuliza mnyama. Meza ile aliisugua mwenyewe, tangu ilipokuwa ubao wenye vijiti vya kuchoma mikono mpaka ikateleza kama sabuni, na Sindano alipomwona anaiaga ulimi ule wa kuchoma ukamtangulia.

"Mzee hakuwepo," alisema. "Alikuwa kliniki, nimekata mimi. Na zimekuwa mahema kwa sababu tumeongeza mara tatu. Sasa niulize kwa nini tuliongeza."

"Kwa nini mliongeza?"

"Kwa sababu violezo vyako havimtoshi mtu yeyote mwenye mwili. Tunaviongeza kidole kimoja tangu ulipokuja. Kila nguo. Mpaka na suti yako ya sikukuu."

Kimya cha tija kikatanda kwelikweli. Meneja alimtazama Sindano, akawatazama wengine, halafu akacheka kicheko cha mtu aliyeambiwa kwamba jua huwashwa na jirani yake.

"Miaka yote hii nguo zinatoka safi kwa violezo vyangu, leo zimeharibika mkizigusa nyinyi, halafu kosa ni langu?"

"Zilitoka safi kwa sababu tulizigusa."

"Basi tumalize maneno. Mama Mwenyewe anakuja kesho kwa ajili ya balaa hili." Ndivyo walivyomwita mwenye kampuni, mama mkwe wake. "Nishoneeni sare moja ya mlinzi, ya kwangu mimi, kwa kiolezo changu. Msizidishe hata unywele. Nitaivaa mbele yake. Ikinikaa, mzee anaondoka, na wewe unamfuata."

"Na isipokukaa?"

"Itanikaa."

"Isipokukaa, Mkasi habanduki mezani pake. Umesema mbele ya watu."

"Nimesema," Meneja akajibu, na kwa haki tupu lazima ielezwe kwamba alikuwa na uhakika kabisa. Alijipima mwenyewe, akavuta tumbo ndani alipofika kiunoni, akachora, akagonga muhuri.

Mchana ule ulikuwa mgumu kuliko siku yoyote ya oda kubwa. Sindano alitandaza karatasi, Mkasi akasimama kando yake kuhakikisha kitambaa hakijikunji. Chaki ilipoanza kutembea, mkono wa mzee ulinyanyuka wenyewe, ukaisukuma nje.

"Baba," Sindano akanong'ona, "rudisha mkono."

"Samahani, mwanangu. Umezoea."

Injini alipokea vipande, akavigeuzageuza, akainama sikioni mwa Sindano. "Dada, hii haitapita mapajani. Nimwibie nusu kidole tu? Nusu. Hata hatajua."

"Huo ndio ugonjwa wetu, Injini. Hajui."

"Ni mbele ya mkwewe, lakini," Bi Pasi akadakia kutoka kwenye mvuke, macho yakimlengalenga, ikawa vigumu kujua kama ni joto au huruma. "Mtoto wa mwenzio huyo. Nikiivuta kwa pasi ya moto itapanuka kidogo."

"Nani aliyemhurumia mzee?"

"Sisi."

"Na yule wa mgongo, aliposema ameumia?"

"Sisi, mama."

"Na huyu tukimhurumia leo, kesho anamtoa mzee. Keshokutwa anakutoa wewe na magoti yako, ambayo unadhani hatuyasikii yakilia kwenye ngazi." Sindano aliweka mkasi mezani taratibu. "Jamani, mimi siwaambii tumwonee. Ameagiza. Tangu aingie kazini hapa hatujawahi kumtii hata siku moja. Leo tumtii."

Wakamtii. Ilikuwa nguo iliyoshonwa vizuri ajabu. Mshono ulinyooka, kola ilikaa, vifungo vilishikwa kwa mikono, kwa maana Bi Pasi alisema kama mtu anakwenda kuaibika basi aaibike na vifungo imara. Kila karatasi ilifuatwa kwenye mstari. Meneja alikuja kukagua kwa rula, akapima, akapima tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mnaona mnavyoweza mkitaka?"

Mama Mwenyewe alifika kesho yake akiwa amevaa gauni la kijivu na uso wa mtu aliyeonyeshwa picha. Picha ile ya saluti ilikuwa imeshazunguka simu za mji mzima. Alipewa kiti karibu na meza ya kukatia. Hakusalimia watu wengi. Alimsalimia Mkasi, ambaye alimkatia nguo alipokuwa bado anaanza biashara kwa cherehani moja.

"Jicho vipi?"

"Linarudi, mama. Ninaona rangi ya gauni lako."

"Afadhali. Mimi mwenyewe siipendi."

Meneja alikuwa chooni anabadilisha. Muda ukaenda. Kulisikika kuruka, kisha kugonga ukuta, kisha pumzi ndefu ya mtu anayevuta zipu, na baada yake hakukusikika pumzi tena. Mlango ukafunguliwa. Meneja akatoka amekakamaa kama bati kutoka nyonga kwenda chini, mabega yamevutwa nyuma, kidevu juu, mikono imesimama kando kwa sababu haikuwa na njia ya kushuka.

"Mama, shikamoo," alisema kwa sauti nyembamba ambayo si yake. "Unaona. Imekaa."

"Marahaba." Mama Mwenyewe alimtazama juu mpaka chini. "Mbona umekuwa mwekundu?"

"Furaha, mama."

"Nitakuelewa zaidi ukikaa. Keti tuzungumze."

"Nitasimama tu. Ni heshima."

"Heshima gani ya kunisimamia kichwani? Basi nipe huo mkoba wangu."

Mkoba ulikuwa sakafuni. Watu wote wakautazama. Injini akapiga hatua auokote yeye, maana mazoea ni mazoea, na Sindano akamkanyaga mguu. Meneja naye aliutazama mkoba jinsi mtu anavyotazama upande wa pili wa mto. Hakuna mkwe duniani ambaye angemwacha mama mkwe ainame mwenyewe. Akavuta kidogo cha pumzi kilichobaki, akainama.

Mshono wenyewe ulishika. Hilo Injini hulisema kwa fahari mpaka leo: mshono ulishika, kilichopasuka ni kitambaa kando yake. Kilipasuka kwa sauti ya shuka linaloraruliwa, kutoka kola kushuka mgongoni, kikapumzika kiunoni, kikaendelea na safari. Kifungo kimoja kiligonga kioo cha chumba cha katikati. Mama Mwenyewe akageukia dirishani kwa haraka ya mtu mzima anayejua mipaka yake, na Bi Pasi, aliyekuwa na shuka mkononi tayari, kumbe alikuja nalo makusudi, akamfunika Meneja mabegani na kumwambia, "Pole, baba. Pole sana."

"Mlijua!" Meneja alipiga kelele kutoka ndani ya shuka. "Mlijua itapasuka, mkanyamaza!"

"Sikunyamaza," Sindano alisema. "Nilikwambia mbele ya watu wote."

"Ulitakiwa uongeze!"

Neno hilo lilimtoka kabla hajalifikiria. Likaning'inia hapo. Mtu fulani nyuma ya cherehani akafungulia kikohozi kirefu.

Mama Mwenyewe hakugeuka mpaka alipoambiwa ni salama. Alipogeuka, alizungumza taratibu, kama mtu anayegawa mboga kwa watoto wenye ugomvi. Mkasi atabaki mezani pake, na jicho la pili akalitibu bila kujificha. Sare za walinzi zitapunguzwa. Meneja ataendelea kuwa meneja.

"Violezo je, mama?" Sindano akauliza.

"Hayo mtasaidiana humohumo. Nasikia mna utaratibu wenu." Akajikung'uta uzi kwenye gauni. "Lakini huyu ni mume wa mwanangu, na ameaibika. Siwezi kwenda nyumbani na aibu hiyo mkononi. Wewe binti umwombe radhi hapa mbele ya wenzako, neno moja tu, yaishe. Usipotaka, itabidi nitafute mkuu mwingine wa benchi."

Meneja alisubiri, shuka limemfika magotini.

"Sema tu, dada," Injini akanong'ona. "Neno halivunji mfupa. Ukiondoka tutakaa na nani?"

"Au nimwombe mimi," Bi Pasi akajitolea upesi. "Mama, mimi nina makosa mengi tu. Niruhusu nimwombe kwa niaba yake."

"Hata mimi naweza," akasema Mkasi. "Nilishazoea."

Sindano akawatazama mmoja mmoja, watu wale wapenzi, wameshajipanga foleni kumbebea mzigo ambao hata si wake. Aliwapenda mpaka kifua kikamuuma. Akaona pia, waziwazi kama mstari wa chaki kwenye kitambaa cheusi, kwamba akisema lile neno moja, Jumatatu karatasi itakuja na muhuri wake, haimtoshi mtu yeyote, na kila mkono humu ndani utaisukuma chaki nje kimyakimya, na picha ya Mfanyakazi Bora itapanguswa vumbi.

Akavua tepu ya kupimia shingoni, akaiweka mezani karibu na mkono wa Mkasi.

"Mama, kampuni ni yako, ukiniambia niondoke nitaondoka. Meneja aliagiza nguo, nikamshonea ileile aliyoiagiza, kwa karatasi yake, kwa muhuri wake, na akaja na rula akaikagua. Sikuzidisha, sikupunguza. Siombi radhi. Leo siombi, Jumatatu siombi, na nyinyi wengine, nawapenda, lakini ole wake atakayeniombea."